Wateja wa simu wameongezeka, faida ya omena iko pale pale. Pesa inapotelea wapi?

#1 Nyar_Dunga

Habari zenu wote. Nauza omena, wale dagaa wa ziwa, hapa ufuo wa Dunga, Kisumu, huu ni mwaka wa kumi na moja. Hadi 2022 nilikuwa na kabambe, simu ya vibonye. Jumamosi naanika, Jumapili nabeba gunia hadi soko la Kibuye, nauza kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, jioni narudi na kama elfu mbili baada ya kuweka mtaji kando. Wateja wangu niliwajua kwa sura, hawakuzidi kumi na watano.

2022 nikachukua simu janja ya kulipia kidogo kidogo, nikafungua kikundi cha WhatsApp. Leo kina watu 63. Wako wa Kakamega, wa Eldoret, hata mmoja wa Nakuru. Boti zikifika alfajiri napiga picha omena ikiwa kwenye ndoo, bado inang'aa, naituma. Sijamaliza kumlipa mvuvi, oda tatu zimeingia. Zikishakauka mzigo unapanda matatu. Nauza karibu mara mbili ya zamani.

Swali langu ni hili. Wiki ikiisha nikihesabu, ni ile ile elfu mbili. Siku zingine haifiki. Kila siku tunaambiwa intaneti inatoa watu kwa umaskini. Mimi nimeingia na miguu yote miwili na bado niko nilipokuwa. Pesa inapotelea wapi?

#2 BodaKondele

Bando, dada. Mimi hununua ya asubuhi, saa nane imeisha na sijafungua kitu. Hiyo simu inakula kuliko pikipiki.

#3 Mkulima_Chwele

Mulembe. Mimi naona ni madalali. Wao pia wako kwenye hicho kikundi chako. Bei unayomwambia mteja ndiyo wanayoitumia kukufinya.

#4 Msomi_Njoro

Dada, pole, lakini kisa cha mtu mmoja hakiwezi kukanusha utafiti. M-Pesa pekee ilitoa Wakenya milioni mbili kwenye umaskini, watu wa MIT waliandika. Na wavuvi wa Kerala kule India, walipoanza kuulizana bei kwa WhatsApp wakiwa bado baharini, faida yao ilipanda. Wewe uko kwenye kazi ile ile ya samaki. Labda shida ni hesabu yako. Iweke hapa tuione.

#5 Mwalimu_Luanda

Msomi (#4), punguza mwendo kidogo. Umekosea mara tatu kwa aya moja.

Tavneet Suri wa MIT na mwenzake William Jack wa Georgetown waliandika kwenye jarida la Science mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilitoa nyumba 194,000 kwenye umaskini, yaani asilimia 2 ya nyumba za Kenya. Milioni mbili umeitoa kwingine. Halafu hiyo ni M-Pesa. Ilianza Machi 2007 kwenye kabambe na hadi leo haihitaji bando. Mama anauliza juu ya intaneti, wewe unamjibu juu ya laini. Na ule utafiti wa Kerala, wa Robert Jensen, ulifuata jinsi simu zilivyoingia kati ya 1997 na 2001. WhatsApp ilikuja 2009. Wale walikuwa wanapigiana simu tu.

Ila hiyo Kerala uliyoitaja ina jambo linalomgusa Nyar Dunga. Faida ya wavuvi ilipanda kwa takriban asilimia 8, na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Bei za soko hili na soko lile zikakaribiana. Kwa hivyo mvuvi alipata na mlaji alipata. Ile nafasi ya kununua rahisi hapa na kuuza ghali pale ndiyo iliyofinywa. Sasa dada, wewe hushiki wavu na huli gunia zima. Wewe uko pale katikati.

#6 Nyar_Dunga

Mwalimu, hilo la mwisho nimelisoma mara mbili nikaweka simu chini. Ni kweli. Zamani mama wa Kakamega hakujua omena imeamka bei gani huku. Siku hizi ananiandikia, "Mama, omena ya Usenge leo ni rahisi," na picha anayo. Nashusha. Nisiposhusha, hajibu tena.

Hesabu nitaiweka usiku watoto wakilala.

#7 FundiSimu_Kibuye

Niongee kidogo juu ya simu zenyewe, kwa sababu mimi ndiye huzifungua. Kwa wiki napokea labda simu tano zilizofungwa na waliozikopesha. Mtu amekosa kulipa siku mbili, simu inajifunga, na wateja wake wote wako ndani. Anakuja kwangu akilia nimfungulie, na mimi siwezi, ile kufuli si ya bisibisi. Namwambia alipe. Anaenda kukopa kwa jirani ili alipe deni la simu ili aweze kuuza ili amlipe jirani.

Nyar Dunga, yako ulimaliza kulipa?

#8 Nyar_Dunga

Ile ya kwanza nilimaliza. Ikaanguka kwa maji mwaka jana. Hii ni ya pili, bado nalipa shilingi 60 kwa siku.

#9 BodaKondele

Mnasahau kamari. Steji yetu tuko vijana ishirini na wawili, na simu janja zimetufikia karibu wote. Jumamosi mchana, kabla mechi zianze, hakuna anayeangalia barabara. Mteja anapiga filimbi mara tatu. Nimeona mtu akitia pesa ya mafuta ya siku nzima kwa mkeka, akarudi nyumbani akisukuma pikipiki. Zamani ungelazimika kutafuta duka la kamari mjini. Sasa liko mfukoni na halifungi.

Na Msomi, wewe wa Njoro samaki ulimjulia wapi? Ziwa lenu ni la kuangalia flamingo.

#10 Msomi_Njoro

Boda, mimi mamangu ni wa Kendu Bay, omena nimekula kabla nijue kuandika. Asante Mwalimu kwa kunirekebisha, zile takwimu nilizisema kwa kumbukumbu. Nangoja hesabu ya dada.

#11 Nyar_Dunga

Haya. Wiki iliyoisha, kutoka kwa daftari langu.

Mzigo uliotoka ulikuwa wa 18,400. Omena nilinunua za 12,600. Matatu na makanga 1,350. Msichana wa kunisaidia kuanika na kuokota mchanga 900. Bando 250. Ada za kutoa na kutuma pesa 410. Deni la simu 420. Ada ya mkopo wa laini 380, kwa sababu Jumanne boti zilifika na pesa za Eldoret hazikuwa zimeingia, na mvuvi hangoji. Halafu kuna watu watatu walichukua mzigo wa 1,100 na bado hawajalipa. Nikitoa vyote nabaki na 990.

990. Kwa wiki ya siku saba, saa kumi alfajiri niko ufuoni.

#12 Msomi_Njoro

Nimekaa na hii karatasi. Tofauti ya kununua na kuuza ni 5,800. Vitu vinavyotokana na simu moja kwa moja, yaani bando, ada, deni la simu na mkopo wa laini, ni 1,460. Hiyo ni robo ya 5,800. Robo nzima inaenda kwa kuwa tu kwenye mtandao.

BodaKondele alisema bando (#2). Bando ndiyo ndogo kuliko zote hapo.

#13 Mama_Floti

Mimi ni wakala wa M-Pesa hapa Manyatta, mwaka wa tisa kwenye kibanda. Dada, hiyo 1,100 haijapotea, iko kwa watu. Ukiitoa leo, wakilipa wiki ijayo lazima uiandike imeingia, usije ukajionea hasara ambayo haipo. Faida yako ya wiki ni 2,090. Pesa uliyo nayo mkononi ndiyo 990. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na watu wengi hapa kibandani kwangu hufunga biashara nzuri kwa sababu ya kuzichanganya.

La pili, hiyo 380. Hiyo ndiyo ingenitoa usingizi. Mtu anakopa kwa laini asubuhi, pesa ikiingia inakatwa yenyewe kabla haijagusa macho yake, jioni anakopa tena. Nawaona. Mtu anakuja kutoa elfu moja, anakuta ni mia sita, ananiangalia mimi kama mwizi. M-Shwari, ule mkopo wa simu, ilipoanza Novemba 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30, na watu waliona ni kidogo. Kwa mtu wa samaki anayezungusha pesa kwa siku tatu si mbaya. Kwa mtu wa mahindi anayengoja miezi minne, akirudia kila mwezi, ameuza mahindi kabla hayajaota.

#14 Nyar_Dunga

Ero kamano, Mama Floti. 2,090 basi. Lakini ona, bado ni ile elfu mbili ya 2022, na elfu mbili ya 2022 haikuwa inanunua unga wa leo.

#15 JaUsenge

Mimi ni mvuvi, niko upande wa Bondo, na naona mmeshika simu mkasahau ziwa. Dada, hiyo wiki uliyohesabu mwezi ulikuwa mpevu. Omena tunaivua usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaji kwa taa, tunarudi na ndoo mbili pale tungeleta kumi, na bei inapanda ufuoni. Hesabu ile ile wiki ya giza utaona kitu kingine kabisa. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena hufungwa. Intaneti itakusaidia nini Mei, kupiga picha maji?

Tena ziwa limepungua samaki. Boti ni nyingi, gugu maji linatuzingira, mbuta (sangara) ya leo inatoshea kwenye sufuria ambayo ya zamani kichwa tu kingejaza. Masoko yamejaa ngege (tilapia) waliogandishwa kutoka China. Ukiuliza kwa nini mama samaki ni maskini, anza na maji.

Na huo mtandao mnaosema, sisi tukisukuma mbele kidogo simu inatuambia karibu Uganda na salio linayeyuka. Bei ya Dunga naijua nikishafika nchi kavu, samaki wakiwa tayari wameshaanza kulegea.

#16 Mwalimu_Luanda

JaUsenge ametupiga mahali. Sisi wote tumejadili wiki moja ya mwezi mpevu kama vile ni mwaka. Nyar Dunga, unaweza kuweka hesabu ya wiki nyingine, wakati wa giza?

#17 Nyar_Dunga

Nitaweka. Giza linakuja wiki ijayo.

#18 Kijana_Kaptembwo

Niko Nakuru, na sina samaki. Nina kisa tu.

Kuanzia 2022 nilikuwa nafanya kazi ya mtandao ya kuweka alama kwenye picha. Unaletewa picha ya barabara ya nchi ya mbali, unachora kisanduku kuzunguka kila gari, kila mtu, kila mbwa, ili magari yanayojiendesha yajifunze kuona. Nilijifunza theluji hapo. Mtu amevaa koti jeupe kwenye theluji nyeupe, ukimkosa kazi inarudishwa na hulipwi. Nilifanya kwenye kompyuta kuukuu niliyonunua Section 58, intaneti nikiitoa kwa simu. Wiki nzuri elfu nne, wiki mbaya mia sita. Nilimlipia dada yangu kidato cha kwanza. Nililipa kodi ya mama miezi kumi na minne mfululizo.

Machi 2024 nikaamka, nikafungua akaunti, nikakuta ukurasa unasema huduma haipo tena Kenya. Hakuna aliyenipigia. Hakuna ofisi ya kwenda. Hadi leo sijui mkubwa wangu alikuwa nani. Sasa niko kwa gereji, napiga magari pasta ya kuziba mikwaruzo.

Msomi, watafiti wangekuja kwangu 2023 wangeandika huyu ametoka. Wangekuja mwezi wa nne 2024 wangeandika nini?

#19 Mwandishi_Milimani

Pole sana, ndugu. Sisi wa kuandika insha za wanafunzi wa ng'ambo tulikutangulia kwenye njia hiyo hiyo. Hapa Kisumu kulikuwa na nyumba za vyumba vitatu, vijana kumi na wawili ndani, kila mtu na kompyuta yake, wanalala mchana. Tangu akili bandia ifike mwisho wa 2022, oda zimepungua hadi mimi nauza viatu. Na sitetei ile kazi, ilikuwa ni kumsaidia mtu kudanganya mwalimu wake. Lakini ilinisomesha.

#20 BodaKondele

Kwa hivyo intaneti ilileta kazi, halafu intaneti ikachukua. Mimi nabaki na barabara yangu. Ingawa hata hapa programu za usafiri zimefika. Mteja akiita kwa programu namlipa mwenye programu komisheni, akiita kwa mdomo nalipa steji. Na nauli inapangwa na mtu ambaye hajawahi kupanda kilima cha Riat kukiwa na matope.

#21 Msomi_Njoro

Nimesikia Kijana, na sina jibu la kukupa. Ila nisimame kidogo upande wa takwimu, kwa sababu naona uzi unaelekea kusema intaneti ni hasara tupu.

Watafiti wa Benki ya Dunia na wenzao walifuata nyumba za Nigeria kabla na baada ya mtandao wa 3G na 4G kufika. Mahali ulipofika, umaskini uliokithiri ulipungua kwa takriban pointi 4 za asilimia baada ya mwaka mmoja, na takriban 7 baada ya miaka miwili au zaidi. Na watu wengi zaidi, wanawake hasa, waliingia kwenye kazi. Wengine, Jonas Hjort na Jonas Poulsen, mwaka 2019, waliangalia nyaya za chini ya bahari zilipofika Afrika, nchi 12. Ajira ilipanda mahali palipounganishwa, hata kwa watu wasio na masomo mengi. Sisi tulipata nyaya zetu Mombasa 2007, na tangu hapo...

#22 Mwalimu_Luanda

2009. SEACOM na TEAMS zote zilifika Mombasa 2009, kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti, na ghali vibaya. Endelea.

#23 Msomi_Njoro

2009, asante. Ninachosema ni kwamba Nigeria walipima matumizi ya nyumba: chakula, ada, nguo. Hawakuuliza faida peke yake. Kwa hivyo namuuliza Nyar Dunga, nyumbani kwako nini kimebadilika tangu 2022? Usinipe faida, nipe nyumba.

#24 Nyar_Dunga

Nyumba. Haya.

Jumapili zamani nilikuwa natoka saa kumi na moja asubuhi na kurudi saa mbili usiku, watoto wanajipikia. Sasa naenda Kibuye mara moja kwa mwezi. Mtoto wa darasa la saba alikuwa ananiuliza hesabu na mimi siwezi, sasa anaangalia kwa simu yangu usiku bando ikibaki. Omena tunakula ile inayovunjika, zamani pia tulikula. Mabati hayajabadilika. Paa linavuja pale pale.

Wakati nimepata, hilo nakubali. Lakini wakati wenyewe nakaa nao nikijibu meseji. Saa tano usiku mtu ananiuliza, "Mama, iko na mchanga?"

#25 Mke_Mumias

Nimesoma kimya tangu #1. Nyumbani kwetu simu janja ni moja na mchana anaenda nayo mume wangu. Oda za mboga zangu nazisoma saa mbili usiku, wakati mteja ameshanunua kwingine. Nikipewa simu yangu mwenyewe, kila pesa ikiingia anaona ujumbe na ana mpango nayo. Ndiyo maana kabambe yangu ipo, na laini yake ya pili haijui mtu.

Kwa hivyo mkipima intaneti kwa nyumba, kama Msomi anavyosema, ulizeni ni mkono wa nani nyumbani humo ulioishika.

#26 Mjukuu_Siaya

Ongeza jamaa kwenye hesabu, Nyar Dunga hajaandika. Mimi nina duka dogo Ugunja. Tangu watu wajue niko na simu, pesa hainikai. Matanga, ada, betri ya mjomba, harambee ya kikundi cha WhatsApp cha ukoo, na majina ya waliochanga yanawekwa hapo kila mtu aone. Usipoonekana unaulizwa.

#27 Mama_Floti

Mjukuu, lakini siku wewe ukilala hospitali hizo pesa zinarudi kwa njia ile ile. Hao hao Suri na Jack aliowataja Mwalimu waliandika 2014 juu ya hilo. Nyumba isiyo na M-Pesa ikipata pigo, ugonjwa au mavuno kuharibika, matumizi yake yalishuka kwa asilimia 7. Yenye M-Pesa haikushuka, kwa sababu watu wa kwao walituma. Naiona kwa kaunta. Mtu analazwa Jumatatu, Jumatano laini yake imepokea kutoka kwa watu kumi na tano, mia mbili mia tatu.

#28 Mjukuu_Siaya

Ni kweli, na mimi nilisaidiwa nilipovunjika mguu. Basi niseme hivi: sijui kama hiyo ni gharama ama ni akiba. Daftari langu linaandika gharama.

Na huku kwetu Siaya kuna jambo lingine. Shirika la misaada la GiveDirectly lilituma pesa kwa simu, karibu dola 1,000 kwa nyumba, zaidi ya nyumba 10,500, na watafiti wakapima vijiji vizima. Waligundua kila dola 1 ilizalisha zaidi ya dola 2 kwenye uchumi wa hapo, na bei hazikupanda sana. Nyanya yangu alipata. Hana hata habari intaneti ni nini. Alinunua mabati na ng'ombe, na fundi aliyepiga mabati akanunua sukari kwangu. Mimi nasema shida ya Nyar Dunga ni mtaji. Angekuwa na elfu ishirini zake mwenyewe, ile 380 isingekuwepo, na angenunua wiki ya giza akaweka, akauza wiki ya mbalamwezi.

#29 JaUsenge

Kuweka omena wiki mbili wakati wa mvua? Itaoza ama iliwe na funza. Unahitaji pa kukaushia penye paa.

#30 Mkulima_Chwele

Na mimi narudi kwa yangu ya #3, lakini nibadilishe kidogo, kwa sababu Mwalimu amenifanya nifikirie. Bei ya mahindi ya Eldoret naijua, ya Nakuru naijua, ya Busia naijua, zote ziko kwa simu asubuhi. Desemba mvua isiyotarajiwa ilikata barabara yetu ya kuteremka kutoka mlimani. Lori ni moja lililokubali kupanda. Mwenye lori alinitajia bei yake, nikamwonyesha simu, nikamwambia mjini ni hii. Akaangalia vizuri, akanirudishia simu kwa heshima, akasema, "Basi beba upeleke mjini."

Niliuza kwa bei yake.

#31 Mwalimu_Luanda

Mkulima, hapo umesema jambo zito. Kerala wavuvi walikuwa na boti zao wenyewe, wakisikia bei nzuri bandari nyingine wanageuza usukani. Wewe usukani hauko mikononi mwako.

Na tukiwa kwa gharama, tusisahau serikali. Ushuru wa bidhaa kwa muda wa maongezi na bando ulifika asilimia 20 mwaka 2021, ukarudi 15 mwaka 2023. Sheria hiyo hiyo ya 2023 ikapandisha wa kutuma pesa kwa simu kutoka 12 hadi 15. Mkono mmoja ulipunguza, mwingine ukaongeza. Na juu ya bando kuna VAT asilimia 16. Kwenye ile 250 na ile 410 za Nyar Dunga, Nairobi ina fungu lake.

#32 FundiSimu_Kibuye

Njaa imenishika na huu uzi. Omena ya kukaanga na nyanya ama ya maziwa?

#33 BodaKondele

Ya maziwa, na ugali wa wimbi. Hapo hakuna mjadala.

#34 Msomi_Njoro

Omena ya kukaanga kavu na ndimu. Nitatetea hii kuliko nilivyotetea Nigeria.

#35 JaUsenge

Chemsha kwanza maji ya moto umwage, ule uchungu utoke. Wengi mnaruka hapo.

#36 Mama_Floti

Kabla tupotelee jikoni. Dada, fungua Pochi la Biashara, ile pochi ya M-Pesa ya kupokea malipo ya biashara, mteja alipe huko, na umwulize mvuvi kama atapokea kwa simu. Ukiacha kutoa pesa taslimu kila alfajiri utaokoa sehemu ya ile 410. Nasema hivi na mimi ndiye napata komisheni ukitoa.

#37 Nyar_Dunga

Nimerudi, baada ya siku kumi. Wiki ya giza, kama Mwalimu alivyoomba.

Mzigo 26,900. Omena nilinunua 18,700, ilikuwa nyingi na rahisi. Matatu 1,900. Msichana 1,200, alikuja siku mbili zaidi. Bando 250. Ada 240, wavuvi wawili wamekubali kulipwa kwa simu. Deni la simu 420. Mkopo wa laini sikugusa, niliwaomba watu wa Eldoret watume nusu kabla, wakakubali wote isipokuwa mmoja. Nimebaki na 4,190. Ile 1,100 ya wiki ile, 700 imelipwa.

Lakini wateja wawili wa Kakamega wametoka kwenye kikundi bila kusema. Nimeuliza. Wananunua sasa kwa mama mmoja wa Usoma, anauza debe shilingi hamsini chini yangu, na picha zake ni nzuri, anaanika kwenye wavu mpya wa buluu.

#38 Msomi_Njoro

4,190! Dada, hiyo ni mara mbili.

#39 JaUsenge

Ni giza. Ngoja mwezi utoke.

#40 Mkulima_Chwele

Huyo wa Usoma ni nani? Ni dalali?

#41 Nyar_Dunga

Ni shemeji yangu, mke wa ndugu ya mume wangu. Mwezi wa pili alikuja kwangu na simu mpya kwenye karatasi, hajui hata kuiwasha. Tulikaa jikoni hadi saa nne. Mimi ndiye nilimfungulia WhatsApp, nikamfundisha kupiga picha jua likiwa nyuma yake.

#42 Mke_Mumias

Na utamfanyaje?

#43 Nyar_Dunga

Sijui bado. Ana watoto wanne. Wacha niende, naona taa za boti zinakuja.